Playtime haitaki mtafsiri, inataka pazia kubwa

Ndugu Mhariri,

Naomba uniazime nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu filamu moja ya Kifaransa na namna inavyofaa kuonyeshwa. Ni Playtime ya mwongozaji Jacques Tati, iliyoanza kuonyeshwa Paris Desemba 1967. Anayeitazama kwenye simu ndani ya daladala, au katika ukumbi ambao mtafsiri ameshika maiki pembeni mwa pazia akifafanua kila tukio, atatoka akilalamika kwamba haina hadithi. Hana kosa. Alichopaswa kukiona kilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele kwenye kona ya simu yake, na alichopaswa kukisikia kilifunikwa na maiki.

Hadithi yenyewe ni nyepesi mno. Bwana Hulot, mtu mrefu mwenye koti la mvua, kofia, kiko na suruali isiyofika viatuni, anakwenda kuonana na ofisa mmoja, Giffard, katika jengo la vioo. Wanapishana mchana kutwa. Siku hiyohiyo basi la kina mama watalii kutoka Marekani limeingia mjini, na mmoja wao, msichana aitwaye Barbara, anaitafuta Paris aliyozoea kuisikia. Haipati. Anafungua mlango wa kioo, Mnara wa Eiffel unapita kwenye kioo hicho mara moja, kisha umepotea. Kwenye ofisi ya mawakala wa safari yametundikwa mabango ya nchi mbalimbali, na kila bango lina jengo lilelile. Kilichobadilika ni jina la nchi. Siku moja na usiku wake zinapita, watalii wanarudi uwanja wa ndege. Hakuna anayekufa, hakuna anayeoa, hakuna mwizi anayekamatwa.

Kazi yote ameachiwa mtazamaji. Tati haisogezi kamera karibu na uso wa mtu. Anaiweka mbali, anaacha ukumbi mzima uonekane, halafu anatandaza vituko vitatu au vinne kwa wakati mmoja: kimoja mbele kushoto, kingine nyuma ya nguzo, kingine dirishani ghorofa ya juu. Hakuna wa kukuonyesha kwa kidole. Mwanzo kabisa tunaona ukumbi wa kijivu unaong'aa, watawa wawili wanapita huku mabawa ya vitambaa vyao yakipepea, mke na mume wanaongea kwa kunong'ona, mfagiaji anatafuta uchafu asiuone. Utaapa kwamba ni hospitali. Ni uwanja wa ndege, na kila mtazamaji anagundua kwa wakati wake. Ndiyo maana ukumbi uliojaa watu hucheka kwa mawimbi: wa kushoto wameona kitu, wa kulia bado, kisha wa kulia wanaona kingine. Raha hiyo haipatikani ukiwa peke yako na skrini ya inchi sita.

Mitaa ya filamu hii si mitaa ya kweli. Tati alijijengea mji wake pembezoni mwa Paris, upande wa kusini-mashariki, watu wakauita Tativille. Ujenzi ulianza 1964 kwa michoro ya Eugène Roman, ukahitaji mafundi wapatao 100 na mtambo wake wa umeme. Dhoruba iliharibu sehemu yake, ikabidi warudie. Baadhi ya majengo yaliwekwa juu ya reli ili yasogezwe kufuata kamera. Kuta nyingine si kuta: ni picha kubwa mno za kuta. Zilipunguza gharama, na zilitatua tatizo ambalo kila mpiga picha wa majengo ya vioo analijua, maana kioo cha kweli humrudishia kamera yake, taa zake na sura za wafanyakazi wake. Picha ya kioo hairudishi kitu. Hata Mnara wa Eiffel unaopita mlangoni ni picha. Na baadhi ya watu wanaosimama kwa mbali ni picha za watu za ukubwa halisi, zimekatwa na kusimamishwa.

Hapo mwenye ukumbi anapata kipimo cha bure. Kabla watu hawajaingia, cheza dakika za mwanzo, simama safu ya katikati, utazame watu wa nyuma kabisa. Ukiweza kumtenga mtu wa kweli na mtu wa picha, taswira yako imetulia. Usipoweza, fokasi haijakaa sawa, au pazia ni dogo kwa umbali huo, au mwanga wa nje unaingia. Filamu ilipigwa kwa ukanda wa milimita 70, mpana karibu mara mbili ya ule wa kawaida wa sinema wa milimita 35, kwa sababu Tati alitaka hata vitu vidogo vya mbali vionekane. Kwa chumba chenye giza la kweli na pazia la upana wa mita 3 au 4, projekta ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga wake) inatosha. Dirisha moja lisilo na pazia zito linaharibu zaidi kuliko projekta dhaifu, kwani rangi za filamu hii ni kijivu juu ya kijivu, na mwanga kidogo tu unazichanganya zote kuwa maziwa.

Msiguse rangi. Projekta na televisheni nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye mpangilio wa kung'arisha. Nyekundu inawaka, buluu inapiga kelele. Tati aliipaka Paris yake rangi za chuma na majivu makusudi, akaacha doa moja moja la nyekundu au kijani, kama meza ya muuza maua pale kwenye kona ya barabara. Doa hilo likikosa kijivu cha kulizunguka halionekani tena kuwa doa. Weka mpangilio wa sinema, shusha ukali wa picha, zima kinacholainisha mwendo. Zima pia kinachovuta picha ijaze skrini. Mistari myeusi juu na chini si hitilafu. Ukiivuta picha unakata pembeni, na pembeni ndiko nusu ya vichekesho vilipo.

Sasa sauti. Hapa ndipo kumbi nyingi zitakapokosea.

Kuna tukio la Hulot kungoja ofisini. Bawabu mzee anahangaika na ubao wa vitufe, taa zinawaka na kuzimika, mwisho wake anafanikiwa kumwita Giffard. Giffard anatokea mwisho wa korido ndefu, mdogo kama kidole. Viatu vyake vinasikika tangu pale: ko, ko, ko. Hulot anainuka kumpokea. Bawabu anamwashiria akae, bado. Anakaa. Ko, ko, ko. Mtu anakua taratibu, viatu havibadili mwendo, Hulot hajui wakati wa kuinuka. Hakuna neno la maana linalosemwa, na ukumbi unavunjika mbavu. Baadaye, kwenye chumba cha vioo, tunakutana na viti vyeusi. Ukikaa, kiti kinashusha pumzi. Ukiinuka, shimo linabaki kwenye mto, linajifikiria kidogo, kisha linafutuka: pu! Hulot anajaribu tena na tena, huku mgeni mwingine, mkavu kama rula, akipangusa suruali na kusaini karatasi, na kila tendo lake lina sauti yake.

Sauti hizo hazikunaswa na maiki siku ya kupiga picha. Tati alizitengeneza upya baadaye, moja moja, akachagua kipi kisikike na kipi kinyamaze, akazipanga kwenye njia kadhaa za sauti ili mlio utoke upande ambao tukio lipo. Kwa hiyo spika mbili za mbele, kushoto na kulia kwa pazia, ndizo kiwango cha chini kabisa. Ukiweza tatu, ya tatu iwe katikati. Spika moja kubwa iliyowekwa mlangoni inaua. Mlio unakuja kutoka nyuma, jicho linakwenda nyuma, kichekesho kinapita mbele.

Pima hivi. Cheza tukio la viti, keti safu ya mwisho, pandisha sauti mpaka ule mlio wa mto kufutuka uusikie bila kutega sikio. Kisha ruka hadi usiku wa mgahawa nitakaoueleza mbele, bendi ikiwa imechanganya. Kama masikio hayaumi, acha hapohapo, weka alama kwenye kitufe, mtu asikiguse tena. Zima kile kinachoitwa sauti ya usiku, kinachosawazisha sauti ndogo na kubwa. Ukikiacha, viatu vya Giffard na ngoma za bendi vitalingana.

Feni nazo zina la kusema. Feni ya dari ikiwa kasi ya mwisho inafunika korido yote. Kwa mji wa pwani ushauri wangu ni huu: poozeni ukumbi saa nzima kabla, shusheni feni kwenye namba 1 kwa sehemu ya kwanza, zipandisheni tena mgahawa ukianza, kwa kuwa kuanzia hapo filamu yenyewe ina kelele za kutosha. Genereta iwe nyuma ya ukuta, hatua 50 au zaidi, isiwe chini ya dirisha.

Nije kwa watafsiri. Sina ugomvi nao. Filamu za Kihindi na za ngumi zilizopita mikononi mwa mtafsiri hodari zimepata uhai wa pili Afrika Mashariki, na kuna watu waliojifunza kufuatilia kisa kirefu kwa sauti zao. Lakini mtafsiri anafanya kazi pale ambapo maana iko kwenye maneno. Playtime ina Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani vilivyochanganywa kama mazungumzo ya stendi ya mabasi. Unasikia vipande, vinakuja, vinakwenda. Baadhi ya Kiingereza hicho kiliandikwa na mwandishi wa magazeti wa Marekani, Art Buchwald, na hata hicho si lazima kieleweke. Mtu akisema kwenye maiki "sasa anakaa, sasa kiti kinalia", ameshafunika mlio, na amewaelekeza watu 80 watazame sehemu moja wakati Tati aliwapa uhuru wa kutazama sehemu tano.

Kazi ya mtafsiri iwe kabla ya taa kuzimwa. Dakika tano zinatosha, na mambo matatu: msimfuate Hulot peke yake, maana mara nyingi hayupo kwenye kituko, na wapo wengine wanaofanana naye waliowekwa kuwazuga; tazameni pembeni na nyuma; sikilizeni viatu. Basi, aweke maiki chini. Kwa wanaotaka sabtaito za Kiswahili, ziwe chache sana. Bango la maonesho ya biashara yaliyomo kwenye filamu, linalotangaza milango isiyotoa sauti ukiibamiza lazima litafsiriwe, kwani muuzaji wake, Mjerumani mwenye hasira, baadaye anaubamiza mlango wake kwa ghadhabu na hausikiki. Minong'ono ya kwenye korido iacheni. Kila mstari wa maandishi unalivuta jicho chini ya picha kwa sekunde mbili.

Tukio la fleti linaonyesha vizuri zaidi ninachosema. Usiku, Hulot amekaribishwa na rafiki wa zamani wa jeshini kwenye nyumba ambayo ukuta wake wa mbele wote ni kioo. Kamera inabaki barabarani. Hatusikii lolote la ndani, tunasikia magari tu. Kila familia inatazama televisheni iliyo ukutani, na ukuta huo ndio unaowatenga na jirani, kwa hiyo kutoka nje inaonekana kama jirani anamtazama jirani. Mwanamume anavua koti, na mama wa upande wa pili anaonekana kama anamkodolea macho. Mtafsiri atasema nini hapo? Akisema, amewatoa barabarani na kuwaingiza ndani, na kichekesho kiko barabarani.

Sehemu ya maonesho ya biashara, kwa maoni yangu, imerefushwa kupita kiasi. Ufagio wenye taa za mbele unachekesha mara moja. Watazamaji wakianza kuhangaika ni hapo. Wavumilieni, au kama lazima mpumzishe watu, msisimamishe filamu hapo. Simamisheni baada ya fleti, kabla ya mgahawa. Dakika kumi, si zaidi.

Mgahawa wa Royal Garden unafunguliwa rasmi usiku huo, na mafundi bado wako ndani. Mwenye kuwahi kukabidhiwa jengo kwa haraka atatambua kila kitu. Kigae cha sakafu kinaondoka na kiatu cha mhudumu mkuu. Dirisha la kupitishia vyakula kutoka jikoni ni jembamba kuliko sinia la samaki. Migongo ya viti ina taji la chuma, na taji hilo linapiga chapa kwenye koti la kila anayeegemea. Kiyoyozi kinakataa, ndege ya mfano iliyopo kaunta inalegea kwa joto. Samaki mmoja aliyewekwa kwenye toroli anatiwa viungo na mhudumu huyu, kisha yule, kisha mwingine, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza, na walioagiza wameshahamishwa meza. Mlango wa kioo unavunjika vipande. Bawabu anaokota kitasa cha shaba, anakishika hewani, anaendelea kuwafungulia wageni mlango usiokuwepo, nao wanapita kwa heshima zote.

Yote hayo yanatokea kwa pamoja, watu wakizidi kuingia, kwa muda unaokaribia theluthi moja ya filamu. Aliyekaa nyuma sana ataona vurugu. Aliyekaa theluthi ya mbele ya ukumbi ataona kila uzi. Waambieni watu wasogee mbele wakati wa mapumziko.

Kinachonigusa katika usiku ule ni kwamba kadiri jengo linavyoharibika ndivyo watu wanavyopona. Sehemu ya kwanza kila mtu anatembea kwa mistari iliyonyooka na kugeuka kona kama askari wa gwaride. Dari likishaanguka, watu wanaanza kuzunguka, wanacheza, wageni wanajuana, Barbara anakalia piano. Alfajiri magari yanajaa kwenye kipilefti na kuzunguka polepole kama pembea za watoto. Mtu anatia sarafu kwenye mashine ya maegesho, na mzunguko uliokuwa umesimama unaanza tena. Msafisha madirisha anainamisha kioo, na basi la watalii linaloonekana ndani ya kioo linapanda na kushuka. Hakuna jengo lililobadilika tangu jana. Sidhani kwamba Tati aliuchukia mji mpya; mtu hajengi kwa miaka kitu anachokichukia.

Aliulipia. Gharama zilimshinda, watu hawakujaa kumbini, kampuni yake ikaanguka na haki za filamu zake zikamtoka mkononi. Mji wake ulivunjwa, ingawa alitamani ubaki utumike na vijana wanaojifunza sinema. Yeye mwenyewe alifariki 1982. Hili linamhusu anayetafuta nakala: toleo la kwanza lilikuwa na dakika zipatazo 155, likapunguzwa na Tati mwenyewe. Marekani walilipokea 1973 likiwa limebaki dakika 103, kwa ukanda wa milimita 35. Lililokarabatiwa 2002 lina dakika 124 hivi, na hilo ndilo la kutafuta. Tazameni urefu kabla ya kulipia. Na haki ya kuonyesha hadharani iombwe kwa msambazaji; diski ya nyumbani haimpi mtu ruhusa ya kukata tiketi.

Kwa watengenezaji wetu wa filamu nina neno moja, kwa sababu malalamiko kuhusu sauti za filamu zetu hayaishi. Njia ya Tati haihitaji mji wa vioo. Pigeni picha, naseni sauti ya mwongozo tu, yaani ya kuwakumbusha kilichotokea. Kisha kaeni na picha, andikeni kila mlio unaohitajika: kikombe, kandambili, bawaba ya mlango. Rekodini kila kimoja chumba kilichotulia, usiku, magodoro yakiegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, maiki ikiwa sentimita 30 hadi 60 kutoka kwenye kitu. Kandambili za sakafu ya saruji zirekodiwe kwenye saruji. Za kwenye mbao zitakataa hata mkizikata vipi. Naseni pia nusu dakika ya ukimya wa kila chumba, mtandaze chini ya yote, la sivyo kila mlio utaonekana umebandikwa. Halafu futeni. Kosa kubwa ni kujaza kinanda kila penye nafasi.

Mwisho, anayeshika swichi asiwe na haraka. Basi likiwa njiani kurudi uwanja wa ndege, Barbara anafungua zawadi aliyopelekewa na Hulot, na ndani yake kuna kichipukizi cha muguet, yale maua meupe ya vikengele ambayo Wafaransa hupeana kila tarehe 1 Mei. Anakishika mbele ya dirisha. Nje zinapita nguzo za taa za barabarani, ndefu, zimeinama, kichwa chini. Zinafanana na ua hilo shina kwa shina. Hilo linadumu sekunde chache tu, jioni inaingia, na mtu akiwasha taa za ukumbi wakati huo, watu watageuka kutafuta viatu vyao.

Wako katika sinema,
Msomaji,
Dar es Salaam